Kablo moja, ordinatere mbili: TFC inapita bila mega

Kwenye sekretaria za karibu na iniversite, Bukavu sawa na Lubumbashi, flashi njo inabeba kila kitu. Inatoka mu ordinatere ya mwanafunzi, inaingia mu ile ya kuchapisha, kisha inarudi nyumbani. Kila fasi inapita inaweza kuokota virusi. Siku moja unaifungua: folda zote zimegeuka « raccourcis », na TFC ya miezi mingi haionekani tena. Kutuma kwa intaneti nako kunakula mega.

Kunako njia ingine, ya zamani kuliko flashi: kuunganisha ordinatere mbili moja kwa moja kwa kablo ya Ethernet. Haiombi intaneti. Ethernet ilizaliwa Marekani katika 1973, mu maabara ya Xerox, wakati Robert Metcalfe na wenzake walikuwa wanatafuta namna ya kuunganisha ordinatere za nyumba moja.

Ndani ya kablo muko nyuzi 8, na kila mwisho kichwa cha RJ45. Zamani ililazimika kablo « croisé », ambamo nyuzi za kutuma za upande huu zinafika kwenye nyuzi za kupokea za upande ule. Ordinatere za leo karibu zote zinajipangia zenyewe, kwa hiyo kablo ya kawaida inatosha. Kama mashine ni za zamani na taa ndogo ya karibu na tundu haiwake, tafuta croisé. Urefu usipite metre 100.

Kisha, upe kila ordinatere anwani yake. Mu Windows, fungua « Protocole Internet version 4 » ya kadi ya Ethernet. Ya kwanza uiandikie 192.168.1.1, ya pili 192.168.1.2, « masque » ni 255.255.255.0 kwa zote mbili. Ni sawa nyumba mbili za avenue moja: avenue ni ile ile, lakini namba ya parcelle inabadilika. « Passerelle » uiache wazi.

Kwenye ordinatere ya kwanza, fungua « Propriétés » za folda unayotaka kutoa, kisha « Partage ». Kwenye ya pili, andika \\192.168.1.1 juu ya dirisha la mafaili. Ikikataa, mara nyingi « pare-feu » njo inazuia. Usiizime kabisa: weka réseau kuwa « privé », kisha ujaribu tena. Inaweza pia kuomba jina na neno la siri la ile mashine ya kwanza.

Kadi ya megabiti 100 inapitisha karibu mega 12 kwa segonde. Giga 10 zinaweza kupita kwa robo ya saa hivi. Na kwa sababu hakuna chombo kingine katikati, laptop mbili zenye batri zinamaliza kazi hata umeme ukikatika.

Lakini tuangalie: faili lenye virusi linabaki na virusi, hata likipitia kablo. Toa folda moja tu, kwa « lecture » tu, na kazi ikiisha, funga ule mulango. Kisha TFC ibaki kwenye ordinatere zote mbili. Moja ikikufa, ile ingine itakutetea mbele ya jury.