Je, Wajua Saratani ya Tumbo Huweza Kujitokeza Kitovuni?

Sista Mary Joseph Dempsey hakuwa daktari. Alikuwa mtawa wa Kifransisko aliyemsaidia daktari mpasuaji William Mayo katika mji wa Rochester, Marekani, kuanzia mwaka 1890. Kazi yake mojawapo ilikuwa kusafisha ngozi ya tumbo la mgonjwa kabla ya kisu. Hapo ndipo alipong'amua kuwa baadhi ya wagonjwa wana kijivimbe kigumu kitovuni, na hao wakipasuliwa hukutwa saratani imeshatapakaa. Tangu 1949 kijivimbe hicho huitwa kwa jina lake.

Kwa bahati mbaya, kikishaonekana, ugonjwa umekwenda mbali. Mfuko wa tumbo ni mpana na hutanuka, hivyo uvimbe hukua humo muda mrefu bila maumivu ya kumshtua mtu. Habari zake huanza kusikika kwingine.

Kwa mwanamke, mahali pamojawapo ni kwenye ovari. Mwaka 1896 daktari Mjerumani, Friedrich Krukenberg, alieleza uvimbe wa ovari wenye chembe zilizofanana na pete ya kito. Aliudhani umeanzia hapo hapo. Baadaye ikabainika kuwa ni mgeni, na mara nyingi ametoka tumboni. Hadi leo wapo wanawake wanaokwenda kwa daktari wa uzazi kwa sababu ya tumbo kujaa, kumbe chanzo kiko juu zaidi.

Lakini dalili inayopuuzwa kuliko zote ni upungufu wa damu. Kidonda cha saratani huvuja kidogo kidogo, mgonjwa asione kitu. Anachoka, anapauka, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi. Zahanatini anaambiwa ni hedhi, anapewa vidonge vya kuongeza damu. Mara nyingi ni hedhi kweli. Ila kama hedhi imeshakoma, au damu inashuka tena kila dawa ikiisha, hedhi isisingiziwe. Vidonge hivyo navyo hutia choo weusi. Lakini choo cha damu iliyovuja huwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya mno.

Kushiba kwa matonge mawili matatu na kichefuchefu hudhaniwa mimba. Nguo zikipwaya bila mtu kufunga wala kujinyima, majirani husifu kwamba amependeza. Kiungulia nacho hunyamazishwa kwa dawa za dukani. Tena kwa kuwa wanaume huugua saratani hii karibu mara mbili ya wanawake, si rahisi mwanamke kuishuku.

Chanzo chake kikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye wengi humpata utotoni. Daktari Barry Marshall wa Australia alimnywa kwa makusudi mwaka 1984 ili athibitishe kuwa huunguza tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Wengi walio naye hawapati saratani kamwe, na antibayotiki humwondoa.

Dada, mama, dalili hizi zikidumu wiki mbili tatu, usiongeze dawa ya kiungulia. Omba kipimo cha kamera ya tumboni. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au chakula kikikwama kooni, usisubiri hata hizo wiki mbili.