Je, Wajua? Milima ya Masisi Imo Ndani ya Kadi ya Sauti

Ondoa skrubu za kadi ya sauti, kile kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta, kisha utazame ubao wake karibu na tundu la USB. Katika nyingi utakuta vidude vya njano au vyeusi, urefu wa milimita tatu hivi, kila kimoja na mstari upande mmoja. Hizo ni kapasita za tantalamu, vidude vya kuhifadhi chaji ya umeme. Anayetunga midundo chumbani hana sababu ya kuzijua, maana zikifanya kazi vizuri hazisikiki kabisa.

Tantalamu hutolewa kwenye mawe ya koltani. Ukitoka Goma, ukapita Sake, barabara inapanda hadi Mushaki, kwenye malisho ya ng'ombe na jibini linalojulikana mji mzima. Rubaya, penye machimbo ya koltani katika milima ya Masisi, haiko mbali na hapo. Wachimbaji wake hutumia sururu na beleshi, kisha huosha udongo kwa maji: uchafu unachukuliwa, mawe mazito yanabaki. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kuwa Rubaya hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Waasi wa M23 waliishika mwishoni mwa Aprili 2024, na ripoti ya wataalamu hao ya Desemba mwaka huo ilisema ushuru wa koltani uliwapa dola zisizopungua 800,000 kwa mwezi. Mushaki yenyewe ilikuwa imeshapiganiwa mapema 2023. Anayechagua vifaa vya studio Goma huenda anachagua, apende asipende, vitu vyenye historia hiyo ndani.

Kwa nini madini haya? Tantalamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 3,017 hivi, kwa hiyo kiwandani haimiminwi. Unga wake hukandamizwa, ukaokwa pasipo hewa mpaka chembe zishikane na kuwa kitu chenye vitundu kama sifongo. Halafu huzamishwa kwenye kimiminika na kupitishwa umeme, na kila ukuta wa kila kitundu unaota ukoko wa oksidi, takriban nanomita mbili kwa kila volti. Ukoko huo haupitishi umeme. Mwishoni vitundu hujazwa manganizi dioksidi, na hapo una pande mbili zinazopitisha umeme zilizotengwa na ukoko mwembamba mno, juu ya eneo kubwa lililokunjwa ndani ya kidude kidogo. Chaji nyingi inahifadhika humo. Kapasita kavu ya aina hii ilibuniwa na Bell Labs ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Sasa turudi kwenye sauti. Maikrofoni hutoa milivolti chache tu. Kikuzaji cha desibeli 60 kinaziongeza mara 1,000, pamoja na kila mnguruo ulioingia njiani. Umeme wa USB unaotoka kwenye kompyuta umejaa mikwaruzo, na kapasita hukaa pale kuinyonya kabla haijafika kwenye kikuzaji. Mshindani wake mkubwa ni kapasita ya keramiki, ndogo na rahisi, ambayo imechukua nafasi nyingi za tantalamu siku hizi. Ila aina zake zinazobeba chaji nyingi hutengenezwa kwa bariamu titaneti, nayo hutikisika ikipewa umeme na hutoa umeme ikitikiswa. Gonga ubao, na mlio huo unaweza kuingia kwenye rekodi! Tantalamu haina tabia hiyo.

Isidhaniwe kuwa imo kila mahali. Palipo na volti 48 za kuwasha maikrofoni za kondensa, fundi huweka vikebe vya alumini, kwa kuwa tantalamu nyingi hazivuki volti 50 na desturi ni kuzitumikisha kwa nusu ya uwezo wao. Hata sauti yenyewe wabunifu wengi hawapendi ipite ndani yake, kwa madai kuwa huipinda kidogo. Ajabu ni kwamba mikisa za kampuni ya Neve za miaka ya 1970 ziliipitisha humo, na leo watu wanazigombania kwa bei ya nyumba.

Kwa mafundi wa mtaani, balaa ni ule mstari wa upande mmoja. Kwenye kikebe cha alumini mstari unaonyesha hasi. Kwenye tantalamu unaonyesha chanya. Fundi akizoea kimoja akageuza kingine, tantalamu hupata moto, na manganizi iliyomo huupa moto huo oksijeni. Ukinunua kadi iliyowahi kufunguliwa, omba uione inafanya kazi kwa muda mrefu, si dakika mbili.

Ningeshauri nini kwa studio ya chumba cha mbao na mabati? Mikisa isubiri. Muziki wa singeli wa Sisso Studios ya Dar es Salaam, uliotoka kwenye albamu ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, ulizaliwa kwenye kompyuta. Kadi ya matundu mawili inayojiendesha kwa USB inatosha, yenye biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde. Maikrofoni iwe ya sumaku na koili: haihitaji volti 48, na inanasa kidogo mvua ya bati na jenereta ya jirani. Wanamuziki wa kundi la Konono No. 1 la Kinshasa walijitengenezea za aina hiyo kwa sumaku za magari mabovu. Wakati wa kurekodi chomoa chaja, utumie betri ya kompyuta. Inveta ya bei nafuu inanguruma kuliko kapasita yoyote inavyoweza kunyamazisha.

Kununua kadi kuukuu si aibu: ikiendelea kutumika, tantalamu yake haitupwi. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya 2011 ilionyesha kuwa chini ya asilimia 1 ya tantalamu iliyomo kwenye vifaa vilivyochakaa hurejeshwa; iliyobaki hupotea jaani. Ukinunua kuukuu, cha kuuliza kwanza ni kama kompyuta inaitambua kadi bila kupakua programu ya ziada, maana kampuni nyingi huacha kuhudumia vifaa vya zamani, na bando la intaneti nalo lina bei yake.