Wavu mdogo ndani ya damu yako: namna faibrini inavyosaidia kidonda kupona

Katika kipindi chetu cha afya tuligusia tiba ambayo daktari wa meno huchukua damu ya mgonjwa, huizungusha kwenye mashine, kisha huirudisha kwenye kidonda ikiwa kama kipande cha jeli. Wengi wenu mliuliza: damu ileile inawezaje kuwa dawa? Leo tunalijibu swali hilo.

Tuanze na jambo mnalolijua. Ukijikata na kisu, damu hutoka na baada ya dakika chache huganda. Ndani ya damu kuna protini iliyoyeyuka, ambayo wakati wa jeraha hugeuka kuwa nyuzi nyembamba sana ziitwazo faibrini. Nyuzi hizo husukana kama wavu wa mvuvi na kunasa seli za damu.

Zinazonaswa humo ni pamoja na chembe sahani, vipande vidogo vinavyowahi kwenye jeraha kuziba damu isitoke. Ukipanga chembe sahani 400 kwa mstari mmoja, utapata urefu wa kama milimita moja tu. Mbali na kuziba, zimebeba protini zinazoziamsha seli nyingine zijenge nyama mpya na mishipa midogo ya damu.

Mwaka 2001, daktari Joseph Choukroun wa Ufaransa na wenzake walieleza njia ya kuutengeneza wavu huu nje ya mwili. Damu huchukuliwa mkononi na kutiwa kwenye chupa nyembamba isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Papo hapo huwekwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, kwa kawaida dakika 10 hadi 12. Ni kama ile mashine ya kutenganisha krimu na maziwa: vizito hushuka, vyepesi hupanda. Chini hubaki seli nyekundu, juu majimaji ya manjano, na katikati donge la faibrini.

Donge hilo likiangaliwa kwa hadubini, kile chombo cha maabara cha kutazamia vimelea vya malaria, mambo mawili huonekana. Kwanza, chembe sahani na seli nyeupe hazikuenea sawasawa. Nyingi zimejikusanya upande wa chini, karibu na seli nyekundu. Ndiyo maana daktari anapokata donge huwa mwangalifu asiutupe upande huo.

Pili, wavu wenyewe. Damu ikigandishwa haraka kwa dawa nyingi, nyuzi hubana na kuwa ngumu. Hapa damu imeganda polepole yenyewe, hivyo nyuzi ni nyembamba, zinanyumbulika na zina nafasi kati yake. Seli za mwili hupita kwenye nafasi hizo na kutambaa juu ya nyuzi, mithili ya mche wa maharage unaopanda kwenye mti uliosimikiwa. Wakati huo, protini za kuchochea ukuaji hutoka kidogokidogo kwa siku 7 au zaidi.

Tiba hii hutumika sana kwenye mashimo ya meno yaliyong'olewa na kwenye fizi zilizoharibika. Inasaidia kidonda kupona, ila haifanyi miujiza. Haichukui nafasi ya usafi wala ya dawa uliyoandikiwa. Mtu akikuahidi kuwa itaponya kila ugonjwa, shika mfuko wako.

Ukiambiwa ufanyiwe, uliza mambo matatu. Je, damu itakuwa yangu mwenyewe? Je, sindano na chupa ni mpya, zimefunguliwa mbele yangu? Je, itazungushwa mara moja? Ikikawia, itaganda kabla ya kutenganishwa na wavu hautakuwa mzuri. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari mapema.

Hata asiyefika kwenye kliniki yenye mashine hiyo ana jambo la kuchukua hapa. Ukishang'olewa jino, lile donge jekundu linalobaki shimoni ni wavu uleule, uliotengenezwa na mwili wako bure. Kwa saa 24 usisukutue kwa nguvu, usiteme mate kila mara, usinyonye kwa mrija, usivute sigara wala usilichokonoe kwa kidole. Likitoka, mfupa hubaki wazi na maumivu yake ni makali. Damu ikiendelea kutoka, au maumivu yakizidi baada ya siku 2 au 3, rudi kituo cha afya.