Dadu Nzuri Huanzia Kwenye Kalibu

Mtu akishika dadu ya rezini iliyotengenezwa kwa mkono, jicho lake hukimbilia kilichomo ndani: rangi zilizopishana, chengachenga za dhahabu, pengine ua kavu. Yote hayo ni kazi ya dakika chache. Kazi ngumu ilikwisha kabla chupa ya rezini haijafunguliwa, ndani ya kipande cha mpira wa silikoni ambacho mnunuzi hatakiona. Ukali wa kona, mng'ao wa nyuso, hata vinundu na vishimo, vyote hutoka kwenye kalibu. Fundi anayelaumu rezini yake mara nyingi anamlaumu asiye na kosa.

Sisi tuliokulia kwenye ludo tunaijua zaidi dadu ya pande sita. Soko la dadu za mkono lilizaliwa kwenye mchezo mwingine, Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji wake hutumia seti ya dadu saba: moja moja za pande 4, 6, 8, 12 na 20, na mbili za pande 10, ambazo zikirushwa pamoja moja husoma makumi na nyingine mamoja. Kwenye dadu ya pande 20 namba zinazotazamana hujumlishwa kuwa 21: 1 iko mkabala na 20, 2 mkabala na 19, na kuendelea.

Dadu nyingi za viwandani huzungushwa pipani pamoja na vitu vya kusugulia mpaka kona zilainike na alama zote zipotee. Dadu ya mkono haipitii huko. Inatakiwa itoke kalibuni na kona zake kali, na kona hizo ndizo anazolipia mnunuzi. Kwa hiyo baada ya kalibu inabaki nafasi ndogo sana ya kuficha makosa.

Silikoni ipi?

Silikoni ya kumimina huuzwa katika chupa mbili, A na B. Zikichanganywa, majimaji hayo mazito hugeuka mpira. Kuna familia mbili, na kinachozitofautisha ni kichocheo. Ya kwanza hutumia bati. Bei yake ni nafuu na haichagui sana kitu inachokigusa, lakini wakati wa kuganda hutoa alkoholi kidogo inayopotelea hewani. Kinachopotea kina ujazo wake, hivyo kalibu husinyaa kidogo na uhai wake ni mfupi. Ya pili hutumia platini. Molekuli zake huungana bila kutoa chochote nje, na kipimo chake hakibadiliki kiasi cha kuonekana. Kwa kitu ambacho nyuso zake 20 lazima zilingane, mafundi wengi huchagua ya platini.

Angalia pia namba ya ugumu, inayoandikwa Shore A. Kwa dadu, 20 hadi 30 inafaa. Ikiwa laini kuliko hapo, kuta za kalibu hunyumbuka na umbo kupinda. Ikiwa ngumu sana, utahangaika kuitoa dadu na utaipasua kalibu kabla ya wakati wake.

Platini ina maadui, na maadui hao wamejaa karakanani. Salfa, bati na kemikali za jamii ya amini hukiua kichocheo. Salfa imo kwenye glovu za lateksi, zile zile za duka la dawa, na kwenye baadhi ya udongo wa kufinyangia. Bati huweza kuwemo kwenye kijiti ulichokorogea silikoni ya aina ya kwanza jana yake. Dalili ni moja: mpira umeiva kote, isipokuwa pale ulipogusa dadu, ambapo unabaki unanata na kuacha ute vidoleni. Ukifika hapo hakuna tiba. Subiri hata wiki, hautaiva. Vaa glovu za nitrili, na vyombo vya silikoni ya platini visitumike kwa kazi nyingine.

Dadu mama

Dadu inayonakiliwa tuiite dadu mama. Siku hizi wengi huichapa kwa printa ya 3D inayotumia rezini ya mwanga. Ikitoka huwa na mistari ya tabaka, na silikoni hainyamazii kitu: hunakili mstari, mkwaruzo, hata alama ya kidole. Kwa hiyo dadu mama husuguliwa juu ya kioo bapa, kwa maji kidogo na karatasi laini za kung'arishia zinazopimwa kwa mikroni, kuanzia 30 na kushuka hatua kwa hatua mpaka 1. Uso ukiwa kioo, kila nakala itatoka kioo bila kusuguliwa tena. Hapa kuna mtego: uso uliosuguliwa zaidi kuliko wenzake umeliwa zaidi. Hesabu mizunguko, iwe sawa kwa kila uso, kisha pima jozi za nyuso zinazotazamana kwa kalipa.

Rezini ya printa yenyewe ni mmoja wa wale maadui. Ioshe dadu kwa alkoholi ya isopropili, iache ikauke kabisa, kisha iive vizuri chini ya taa ya urujuanimno. Baada ya hapo usiiamini bado. Paka tone la silikoni kwenye kipande ulichokichapa na kukiosha pamoja nayo, uone kama litaganda. Zipo rezini zinazogoma hata baada ya yote hayo, na kwa hizo kuna njia ya kuzunguka: tengeneza kalibu ya kwanza kwa silikoni ya bati, mimina humo nakala ya rezini ya epoksi, iache iive kabisa, ing'arishe, na hiyo ndiyo iwe dadu mama ya kalibu ya platini.

Kumimina

Kalibu inayotumika zaidi ni ya vipande viwili: mwili na kifuniko. Dadu mama hubandikwa kwenye kioo kwa uso mmoja, ukiwa umelala sawasawa pasipo upenyo, na kuzungushiwa ukuta wa bomba au kikombe kilichokatwa kitako. Acha nafasi ya milimita 10 hivi kila upande, na juu izidi kidogo.

Kiasi cha silikoni hakikisiwi. Chukua dadu ya pande 20 yenye unene wa milimita 20 kutoka uso hadi uso. Ndani ya bomba lenye kipenyo cha milimita 40, ukijaza hadi kimo cha milimita 35, ujazo ni sentimita za ujazo 44. Dadu yenyewe inachukua kama 5, zinabaki 39. Silikoni ina uzito wa takriban gramu 1.1 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo unahitaji gramu 43. Pima 50, maana nyingine hubaki kikombeni. Kama uwiano ni moja kwa moja, hiyo ni gramu 25 za A na 25 za B, kwa mizani ya jikoni ya kidijitali. Soma chupa kwanza, kwani si zote zina uwiano huo.

Koroga taratibu ukikwangua kuta na kitako cha kikombe, kisha hamishia kwenye kikombe kingine na ukoroge tena. Silikoni iliyong'ang'ania ukutani mwa kikombe cha kwanza bila kuchanganyika ndiyo chanzo cha madoa mengi ya kunata. Mimina kwa uzi mwembamba kutoka juu, pembeni mwa kalibu, uiache ipande yenyewe na kuifunika dadu. Uzi huo mwembamba hupasua mapovu mengi njiani.

Muda unaoandikwa chupani kwa kawaida hupimwa kwenye nyuzijoto 23. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa joto, chumba kinaweza kufika 32. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, muda hupungua kwa karibu nusu. Aliyeahidiwa dakika 40 za kufanya kazi ajihesabie 20 na ushei, au afanye kazi alfajiri.

Mpira ukishaiva, geuza kalibu bila kuitoa dadu. Safisha uso uliokuwa umelala kiooni na ukate utando wowote ulioupandia. Sasa paka vaselini nyembamba mno juu ya silikoni yote. Silikoni haishikamani na vitu vingi, ila silikoni mwenzake hushikana naye moja kwa moja. Ukisahau hatua hii, mwili na kifuniko vitakuwa kitu kimoja. Vaselini nene nayo huacha mawimbi. Mimina kifuniko, subiri kiive, tenganisha, ndipo utoe dadu mama.

Hewa: hapa ndipo wengi huangukia

Ili rezini itoke angavu bila viputo, mafundi huiweka ndani ya mtungi wa presha, kwa kawaida kwenye psi 40 (pauni 40 kwa inchi ya mraba). Presha haiondoi hewa, huibana. Kwa kanuni ya Boyle, kwenye psi 40 juu ya presha ya kawaida, kiputo hubaki na zaidi kidogo ya robo ya ujazo wake, na vile vidogo humezwa na rezini mpaka havionekani.

Lakini kalibu nayo imo mtungini. Kama silikoni iligandia mezani huku ikiwa na kiputo kilichojificha nyuma ya ukuta wa kalibu, presha ikipanda kiputo kile hubonyea. Ukuta mwembamba ulio mbele yake huzama, rezini huingia kwenye bonde hilo na kuganda humo. Dadu inatoka na kinundu. Ukiangalia kalibu huoni kitu, kwa sababu presha ikishuka ukuta hurudi mahali pake. Fundi hung'arisha dadu mama upya, hubadilisha rezini, na kinundu hurudi pale pale, karibu na namba ile ile. Kinyume chake pia hutokea: kalibu iliyogandishwa ndani ya presha ikatumiwa mezani huwa na viputo vinavyotaka kutanuka, navyo husukuma ukuta kuelekea ndani na kuacha kishimo.

Dawa ni kanuni moja: kalibu igandishwe kwenye presha ile ile utakayoitumia kwa rezini. Njia ya pili ni kuinyonya hewa silikoni kwa pampu kabla ya kuimimina. Itaumuka mara tatu au nne ya kimo chake, kisha itaanguka. Chombo kisichozidi mara nne ya ujazo wake kitafurika. Unyonyaji haubakishi viputo vingi, lakini hauna uhakika kama presha, kwa sababu hewa huweza kuingia tena wakati wa kumimina.

Asiye na mtungi asikate tamaa. Atumie epoksi nyepesi inayoganda polepole, aipashe moto kidogo kwa maji ya uvuguvugu nje ya chupa, na aanze na rangi zisizopitisha mwanga. Dadu angavu bila presha ni bahati.

Neno la tahadhari kuhusu mtungi wenyewe: sufuria ya presha ya jikoni isitumike kabisa. Imetengenezwa kwa takriban psi 15, na kuipandisha hadi 40 ni kujitengenezea bomu. Tumia mtungi wa kupulizia rangi ulioandikwa kiwango chake, wenye vali ya usalama, na usifungue kifuniko kabla geji haijarudi sifuri.

Kuisoma dadu iliyotoka

Uso mmoja ukiwa umenyanyuka na kuzungukwa na ukingo, kifuniko hakikukaa. Nusu milimita ni 2.5% ya unene wa dadu ya milimita 20, na jicho la mnunuzi litaiona. Uso ukiwa umebonyea, rezini ilipungua ilipoganda. Jaza kidogo kupita kiasi kabla ya kufunika. Ncha za dadu ya pande 4 zikitoka butu, hewa ilinaswa chini: kabla ya kujaza, paka rezini kwa kijiti cha meno ndani ya kila ncha na kila namba. Nyuso zote zikianza kufifia, kalibu imezeeka. Epoksi hula silikoni kidogo kidogo kila inapoganda kwa joto, na baada ya makumi ya nakala mng'ao huondoka. Hapo tengeneza nyingine. Dadu mama iliyotunzwa vizuri itazaa kalibu nyingi.

Silikoni iliyoiva ni salama kushikwa. Epoksi mbichi sivyo: ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio usioondoka maisha yote. Glovu, dirisha wazi, na miwani wakati wa kukata si mapambo.

Maarifa haya hayaishii kwenye dadu. Anayemimina vishikio vya funguo, hereni au mishumaa anatumia mpira ule ule na anakutana na viputo vile vile. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni huu: usinunue rangi kumi na mbili. Nunua silikoni nzuri ya platini, mizani na glovu za nitrili, uanze na dadu moja ya pande sita. Na kwenye kila kalibu andika tarehe na presha iliyogandishiwa, kwa sababu baada ya miezi mitatu hutakumbuka.