Hesabu Vigae, Usihesabu Makasha

Carcassonne, mchezo wa mezani uliobuniwa na Mjerumani Klaus-Jürgen Wrede na kutoka mwaka 2000, una vigae 72. Unachomoa kimoja, unakiunga na vilivyokwisha pangwa mezani, mji au barabara inarefuka, na ukitaka unasimamisha juu yake kete ya mbao yenye umbo la mtu. Mkiwa wawili, kila mmoja anapata zamu kama 36. Chini ya saa moja mmemaliza.

Nyongeza zake ni nyingi, na naulizwa sana mtu anunue hadi ya ngapi. Jibu limo mfukoni mwa vigae. Nyongeza kubwa ya kwanza ina vigae 18, ya pili 24, ya tatu 30. Ukizimimina zote pamoja na vya awali unapata 144, mara mbili kamili.

Muda unarefuka, lakini hilo ni dogo. Nyongeza ya kwanza ina makanisa makuu mawili: mji wenye kanisa ukikamilika, kila kigae chake kinalipa pointi 3 badala ya 2, usipokamilika hadi mwisho, huambulii kitu. Roho iko juu kila mkono unapoingia mfukoni. Ukiwa na vigae 90, kanisa ni moja katika kila 45. Kwenye 144, ni moja katika kila 72. Sukari ni ileile, chai imeongezwa maji.

Nilipochanganya zote tatu nyumbani, shemeji yangu alisita mkono ukiwa bado mfukoni, akauliza, "Hivi vimebaki vingapi?" Tulikuwa hatujafika nusu. Mchezaji akiuliza hivyo, ujue umezidisha.

Mimi naishia ya pili, vigae 114. Hiyo humpa anayefunga mji bidhaa zilizomo, divai, nafaka au nguo, hata kama mji ni wa mwenzake. Ghafla unajikuta unamjengea jirani kwa moyo mkunjufu. Ya tatu inaleta joka linalokula kete za watu, na hapo kujenga kunageuka kukimbia. Watoto wanaipenda mno. Ninayo, kwenye mfuko wake peke yake, na wakiiomba naichanganya na vigae vya awali tu.