Hesabu ya Asubuhi Kabla ya Simu

Ushauri mwingi kuhusu ratiba ya asubuhi husisitiza saa ya kuamka, jambo ambalo halina jipya kwa mchuuzi wa samaki anayewahi mnada wa Feri jijini Dar es Salaam, wala kwa mama lishe anayewasha jiko kabla ya adhana ya alfajiri. Watu hao huamka mapema mwaka mzima, na bado mtaji wao huweza kuyeyuka pasipo wao kujua ulikopitia. Kinachostahili kuchunguzwa, basi, ni kazi inayotangulia nyingine zote, na inapendekezwa hapa kwamba kazi hiyo iwe hesabu fupi ya fedha, inayoandikwa kwenye daftari kabla simu haijashikwa na kabla mteja wa kwanza hajafika.

Mtu anapofumbua macho, ubongo wake hupitia kwanza mabaki ya usingizi, yaani hali ya uzito wa fikra na wepesi wa kukosea ambayo kwa kawaida hudumu kati ya dakika 15 na 30. Ndiyo maana hesabu haifai kufanywa kitandani, bali baada ya kunawa, kuswali au kusali, na kupata chai. Hatari ya pili ni simu. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alifafanua masalia ya umakini, yaani ile sehemu ya fikra inayosalia kwenye kazi ya kwanza mtu anapohamia kazi ya pili, hasa ikiwa ile ya kwanza haikukamilika. Ujumbe wa mdai au mabishano ya kundi la WhatsApp ni kazi zisizokamilika kwa maana hiyohiyo, kwa kuwa anayezisoma saa kumi na mbili hana la kufanya nazo saa hiyo ila kuzibeba.

Hesabu yenyewe ina sehemu tatu: mtaji, ambao ni fedha za kununulia bidhaa upya; faida, ambayo ni kinachobaki baada ya gharama zote kuondolewa; na matumizi ya nyumbani, ambayo hutoka kwenye faida peke yake. Mwenye genge aliyeuza kwa shilingi 80,000 bidhaa alizozinunua kwa 60,000 na kuzisafirisha kwa 5,000 amepata faida ya 15,000, na zile 65,000 zilizobaki, ingawa zimo mfukoni mwake, si za kutumia. Mauzo na salio la simu huandikwa jioni wakati wa kufunga, ili asubuhi simu isihitajike. Uamuzi wa kugawa ndio unaongoja asubuhi, kwa sababu jioni mwili umechoka na maombi ya nyumbani na ya majirani yamekwisha kuanza.

Mstari wa mwisho wa daftari ni mahitaji ya siku, na hapa utafiti wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson kuhusu waendesha boda boda za baiskeli wa magharibi mwa Kenya una fundisho lenye pande mbili. Waendeshaji hao walifanya kazi kwa muda mrefu zaidi siku walizokuwa na haja ya fedha, na walielekea kuacha mara walipofikia kiasi walichokihitaji. Lengo la siku, kwa hiyo, humsukuma mtu na pia humsimamisha, na anayeandika chakula peke yake atasimama mapema, kisha kodi ya nyumba imkute mikono mitupu. Kodi ya 60,000 kwa mwezi huandikwa kama 2,000 kila asubuhi, na vivyo hivyo ada ya shule, deni na mchango wa upatu au VICOBA. Fedha hizo zikitengwa hazina budi kuwa na mahali pake. Katika utafiti mwingine wa wataalamu hao, uliochapishwa mwaka 2013, hata sanduku la kawaida lenye kufuli liliwawezesha Wakenya wa kijijini kugharimia zaidi kinga ya afya zao.

Mazoea haya hayajengeki kwa juma moja. Utafiti ulioongozwa na Phillippa Lally wa London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 na kukadiria wastani wa siku 66 kabla ya tendo jipya kufanyika bila kulifikiria, ingawa wengine walihitaji siku 18 tu na wengine 254. Kuruka siku moja hakukuharibu mwenendo huo. Husaidia kulifunga daftari kwenye tendo ambalo halikosekani, kama kikombe cha kwanza cha chai. Kwa mwenye mshahara wa mwezi, hata hivyo, hesabu ya kila siku ni usumbufu usio na tija, na asubuhi ya Jumatatu peke yake yaweza kumtosha, mradi kodi, ada na akiba ziwe zimetengwa siku mshahara ulipoingia.