Kahawa Iliponyauka Mtini: Habari za Ruiru na Thika

Mtu aliyefikwa na hatari hutamani kufanya jambo, lolote lile, mradi alifanye upesi. Mikono yake haikubali kukaa bure. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakulima wengi wa kahawa katika sehemu za Thika, Ruiru na vilima vya Gatundu katika miaka ya 1967 na 1968, wakati mvua ilipozidi kiasi, na matunda mabichi ya kahawa yakaingia madoa meusi, yakabonyea, yakanyauka na kuanguka kabla ya kuiva.

Ugonjwa huo haukuwa mgeni nchini. Ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1922 magharibi mwa Kenya, kisha ukavuka Bonde la Ufa. Wakulima wa Tanzania huuita chulebuni. Huletwa na kuvu, na wataalamu walipoipa kuvu hiyo jina lake la sasa mwaka 1993 walitwaa neno la Kiswahili, wakaiita Colletotrichum kahawae. Heshima ambayo pengine Kiswahili kisingeililia. Mbegu zake ni ndogo mno, nazo huchukuliwa na matone ya mvua kutoka tunda hata tunda. Kwa hiyo mwaka wa mvua na baridi ndio mwaka wake wa neema. Shamba lisilo na kinga laweza kupoteza hata asilimia 80 ya mavuno.

Wakulima wadogo wengi wa Kiambu na Murang'a walikuwa wamepanda kahawa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na mti huo humngojesha mwenyewe miaka mitatu hivi kabla ya kumpa mavuno ya kwanza. Karo za watoto, mabati ya nyumba, deni la mbolea katika chama cha ushirika, yote yalitegemea matunda yale. Mwenye shamba aliyepita asubuhi kati ya mistari ya miti yake, akasikia matunda makavu yakivunjika chini ya miguu, hakuhitaji mtu wa kumweleza maana yake.

Wengi wakakimbilia bomba la dawa. Dawa ya shaba ilikuwa dawa ya kweli, lakini ilitumiwa kwa hofu: mtu alinyunyiza alipouona ugonjwa, akakoma gharama ilipomshinda, akaanza tena mvua iliporudi. Hapo ndipo lilipotokea jambo la kushangaza. Wachunguzi wa siku zile waliona kwamba kunyunyiza kwa wakati usiofaa kuliweza kuuzidisha ugonjwa badala ya kuupunguza, hata mti ulionyunyizwa ukawa katika hali mbaya kuliko jirani yake ambao haukuguswa. Sababu moja waliyoitaja ni kwamba matawini huishi viumbe wengine wadogo sana washindanao na kuvu hiyo. Dawa huwaua hao pia, na adui arudipo hukuta nyumba haina mlinzi.

Wataalamu wa kituo cha kahawa cha Ruiru, kilichoko katika shamba la Jacaranda tangu mwaka 1944, nao walikuwa wakisukumwa kila upande. Kila mtu alitaka jibu, tena alitaka jibu la leo. Wao wakarudi kwenye swali dogo: tunda hushikwa lini? Ikajulikana kwamba hatari kubwa huwa tangu juma la 4 hivi baada ya ua kuchanua hadi kama juma la 14, tunda linapokua kwa haraka. Basi dawa haikupasa kungojea madoa. Ilipasa kutangulia mvua na kuendelea kwa utaratibu bila kukatizwa.

Lakini dawa ni ghali kila mwaka, na mwaka 1971 ikaanzwa kazi ya kutafuta mti wenye kinga yake mwenyewe. Aina za SL28 na SL34, zilizochaguliwa miaka ya 1930, zilikuwa na ladha iliyosifiwa sana ng'ambo, ila hazikuweza kusimama mbele ya chulebuni. Zikachanganywa na kahawa za mbali, kama vile Rume Sudan na ile ya kisiwa cha Timor. Na kungojea kila mche uzae ndipo upimwe kungalikula umri wa watu. Ikabuniwa njia ya kuwapaka miche wa majuma machache tu mbegu za kuvu kwenye shina lao changa. Walio dhaifu hujulikana mapema, wakatupwa.

Aina mpya, Ruiru 11, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985. Ilistahimili chulebuni na kutu ya majani, na kwa kuwa ni fupi ilipandwa kwa kubanana zaidi. Wengine hawakuridhika na ladha yake, wakabaki na SL28 na bomba lao. Wengine walikata miti ya zamani na kuipandikiza vikonyo vya aina mpya juu ya mizizi ile ile.

Hata hivyo mbegu zilikuwa haba kwa miaka mingi, kwa maana mbegu ya Ruiru 11 hutengenezwa kwa mkono. Mfanyakazi hulifungua ua kabla halijachanua, huliondolea sehemu ya kiume, hulipaka chavua ya mti mwingine, kisha hulifunika. Maua ya kahawa hayadumu ila siku chache, na shambani yamo maelfu. Yeye hushika ua moja, akamaliza, ndipo akashika la pili.